Unga Usio na Lebo

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Sindano alinyata hadi chumba cha mbele ambako mama yake alishonea nguo, akachukua futi iliyoning'inia kwenye cherehani na kuizungushia paja lake. Inchi kumi na sita. Jana zilikuwa kumi na sita. Juma lililopita pia kumi na sita. Aliirudisha futi mahali pake kwa uangalifu, maana mama yake alikuwa fundi wa kujua hata pini iliyohamishwa.

Jina la Sindano alipewa shuleni. Kwanza alikuwa mwembamba, pili mama yake alikuwa fundi cherehani, na wanafunzi hawahitaji sababu ya tatu. Jina lenyewe halikumuudhi. Kilichomuudhi ni maneno ya mwalimu wa michezo, aliyesimama siku moja mbele ya timu nzima ya mbio za kupokezana vijiti na kusema, "Wewe Sindano, mbio unazo, lakini miguu hiyo ni njiti za kiberiti. Mashindano ni baada ya wiki tatu. Usipopata nguvu, zamu ya mwisho nitampa mwingine." Timu yote iliangua kicheko. Radi peke yake hakucheka. Radi ndiye aliyemkabidhi Sindano kijiti katika kila mazoezi, na ndiye aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la pili.

Jioni ile Sindano alimfuata kaka yake. Kaka huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kila alipotoka kazini alikwenda jimu kunyanyua vyuma vingine, kana kwamba vya mchana havikumtosha. Chini ya kitanda chake aliweka mfuko wa nailoni wenye unga wa rangi ya malai, unaonukia vanila. Kule jimu muuzaji alikuwa na ndoo kubwa, na watu walipimiwa unga kwa kijiko, kila mmoja akatiliwa kwenye mfuko wake. Maandishi yote yalibaki kwenye ndoo.

"Kaka, huo unga unatengenezwa kwa nini?"

"Hii ni protini. Chakula cha misuli hiki."

"Hauna maziwa? Si unalijua tumbo langu?"

Nyumbani kila mtu alilijua tumbo lake. Tangu utotoni kikombe kimoja cha maziwa kilitosha kumlaza amejikunja, tumbo likinguruma, na kumkimbiza chooni. Ndiyo maana chai yake ilikuwa ya rangi siku zote, na mama yake hakusahau hata mara moja.

Kaka yake alicheka. "Maziwa? Wewe vipi! Mtu gani anakoroga maziwa kwa maji? Tazama." Akamimina maji kwenye kikombe, akatia kijiko kimoja cha unga, akakoroga. "Ingekuwa maziwa, si ningekunywa maziwa tu nikamaliza? Kunywa. Ila usimwambie mama, atasema nakulisha madawa."

Kaka hakuwa mwongo. Alikuwa akisema asilolijua kwa sauti ya mtu anayejua, na ugonjwa huo unawapata watu wengi wenye vifua vipana.

Sindano akanywa. Usiku haukuwa mzuri, lakini kaka alimwambia kwamba ni mwili unazoea. Kesho yake Sindano aliona kama kijiko kimoja kinajenga misuli, basi viwili vitaijenga upesi zaidi. Akaukoroga unga kwenye chupa yake ya maji, akaenda nao shuleni, akaunywa nyuma ya maktaba wakati wa chakula cha mchana. Kisha akapanga foleni na wenzake, akala maharage.

Kipindi cha hesabu hakikufika katikati kabla hajaomba ruhusa mara tatu. Mara ya nne hakurudi. Mwalimu mkuu alimkuta kwenye benchi nje ya ofisi, jasho linamtoka, mikono imelishika tumbo.

"Umekula nini leo, mwanangu?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa ndani ya chupa iliyokuwa kwenye mkoba wake. Lakini Sindano aliiona sura ya kaka yake akigombezwa, akaiona zamu ya mwisho ikienda kwa mwingine, akaogopa.

"Maharage," akasema.

Ilikuwa kweli kwamba alikula maharage. Huo ndio ubaya wa nusu ya ukweli: inatembea kifua mbele, na hakuna anayeisimamisha.

Neno hilo moja likatosha. Wavulana wawili wa darasa lake, ambao hawakuwa wamefanya kazi ya hesabu, nao wakashika matumbo yao na kuguna kwa bidii. Wagonjwa sasa wakawa watatu. Mwalimu mkuu, aliyewaogopa wazazi kuliko kitu chochote duniani, akaenda moja kwa moja jikoni.

Mpishi wa shule alikuwa mama mmoja mnene, mpole, aliyepikia shule ile kwa miaka kumi na mmoja. Watoto wote walimwita Mama Mpishi, isipokuwa mmoja aliyemwita mama tu. Mtoto huyo alikuwa Radi.

"Mwalimu, mimi mwenyewe nimekula sufuria hiyo hiyo," Mama Mpishi alisema. "Watoto wamekula mia tatu. Mbona wengine hawaumwi?"

"Nimekusikia, mama. Lakini wazazi watakuja juu. Kaa nyumbani kwanza tulichunguze jambo hili."

Akaamuru maharage yaliyobaki yamwagwe. Yalimwagwa shimoni wanafunzi wakitazama, na sauti moja ikasema "sumu hiyo." Mama Mpishi alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza. Upawa wake aliuosha kwanza. Radi alisimama dirishani mwa darasa, asijue ni nani aliyesema nini. Sindano aliinamisha uso. Alijua kabisa kwamba tumbo lake lingemwuma hata kama asingekula harage hata moja siku ile, lakini hakufungua mdomo.

Siku mbili zilizofuata wanafunzi walikula mkate mkavu na maji. Radi alikuja shuleni macho mekundu. "Mama hali chakula," alimwambia Sindano. "Anakaa tu. Jana kaenda dukani, jirani akamwuliza mbele za watu kama ni kweli amelisha watoto sumu." Sindano alimshika mkono na kusema, "Pole." Akajichukia kwa neno hilo, kwa sababu lilitoka kwenye mdomo uleule.

Na bado aliendelea kunywa unga. Mtu akikwisha lipia kitu kwa gharama ya mwenzake, huona afadhali akimalize. Siku ya tatu, jioni, alianguka sakafuni karibu na cherehani ya mama yake, amejikunja kama jongoo. Mama aliacha gauni la mteja chini ya sindano ya mashine, akambeba mgongoni hadi zahanati.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpa maji yenye chumvi na sukari, akangoja maumivu yapungue, kisha akauliza, "Umekula nini?"

Sindano akalichota lile lile jibu lililomsaidia mara ya kwanza. "Maharage ya shule."

Mama yake akageuka polepole. "Maharage gani? Shule si mnakula mkate mkavu tangu juzi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Sindano iliishia hapo, kwenye kitanda cha zahanati, watu wazima wawili wakimtazama. Akalia. Kisha akasema yote: futi, njiti za kiberiti, mfuko wa nailoni, chupa nyuma ya maktaba, na neno alilomwambia mwalimu mkuu.

Mama hakumpiga wala hakumfokea. "Miaka kumi na mmoja," alisema. "Mwanamke yule kawapikia miaka kumi na mmoja. Na aproni yake nimemshonea mimi."

Kaka aliitwa, akaja mbio na mfuko wake. Muuguzi aliunusa unga, akauonja kwenye ncha ya kidole.

"Muuzaji alisema unatengenezwa kwa nini?"

"Alisema ni protini tu, shangazi. Na unakorogwa kwa maji, ndiyo maana nikaona..."

"Ukaona. Sikiliza, baba. Maziwa yakiganda, si kuna maji yanajitenga? Maji hayo yakikaushwa ndiyo unga wa namna hii. Ni maziwa, ukoroge kwa maji, ukoroge kwa mvua. Ndani yake kuna sukari ya maziwa, na tumbo la mdogo wako haliwezi kuisaga. Uko unga uliochujwa zaidi, sukari hiyo ikabaki kidogo sana. Uko pia wa soya na wa njegere, usio na maziwa kabisa. Lakini utaujuaje, ikiwa umenunua kwenye mfuko usio na lebo?"

Kaka akaangalia viatu vyake. Kifua kile kipana kilikuwa kimenywea.

"Na umshukuru Mungu ni tumbo tu," muuguzi akaendelea. "Wako watu wenye mzio wa maziwa. Hao kijiko kimoja chaweza kuwaziba pumzi, na ungemwua mdogo wako kwa mapenzi. Kuuliza si ujinga, lakini umwulize anayejua." Akamgeukia Sindano. "Wewe una miaka kumi na mitatu. Huhitaji unga wa ndoo. Mayai, samaki, karanga, na hayo maharage uliyoyasingizia, ndiyo misuli yako. Unayala kila siku bure, kisha unamfukuzisha kazi anayekupikia."

Asubuhi yake mama alimpeleka Sindano kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akamsimamisha mbele ya shule nzima. Alisema yote kwa sauti iliyokatikakatika. Wale wavulana wawili wakaangalia mawingu. Radi alikuwa mstari wa mbele. Sindano alipomaliza, alimtafuta kwa macho, na Radi akamtazama moja kwa moja, bila hasira, kama mtu anavyomtazama mgeni.

Mchana walikwenda nyumbani kwa Mama Mpishi: Sindano, mama yake, kaka yake na mwalimu mkuu. Walimkuta anachagua maharage kwenye ungo, mazima kwa upande mmoja na mabovu kwa upande mwingine. Mwalimu mkuu aliomba radhi kwa maneno mengi. Kaka aliomba kwa machache. Sindano alipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka, mwanangu, sakafu ina vumbi." Mama Mpishi aliendelea kuchagua. "Tumbo linaendeleaje?"

"Limepona."

"Nimefurahi. Tumbo lina dawa. Siku mbili, tatu, mtu anapona." Akaokota harage bovu, akalitupa. "Jina halina. Nitarudi kazini, kwa sababu watoto mia tatu hawawezi kula mkate mkavu kwa kosa la mmoja. Lakini yule jirani aliyeniuliza dukani, utampata wapi umwambie? Na wale aliowaambia yeye, je? Maji yakimwagika hayazoleki. Wewe hukusema uongo, ulisema maharage, na kweli ulikula. Basi jifunze hili: ukweli ulioukata nusu ili ukufae wewe unaweza kumkata mtu mwingine. Ukiogopa kusema, ogopa zaidi kunyamaza. Na kitu usichokijua kilipotoka, usikitie mdomoni, kiwe chakula, kiwe neno."

Sindano hakukimbia katika mashindano yale. Mwalimu wa michezo alimwuliza Radi kama atamkabidhi kijiti, na Radi akasema, "Mpe mwingine." Siku ya mashindano Sindano alikaa kwenye nyasi akishika viatu na masweta ya wenzake. Timu ilitoka ya tatu. Miguu ya aliyekimbia mwisho haikuwa minene kuliko yake, na alipoliona hilo machozi yalimtoka upya.

Mama Mpishi alikuwa amerudi jikoni mapema zaidi, Jumatatu iliyofuata baada ya kuombwa radhi, amevaa aproni ileile, imepigwa pasi. Lakini wazazi wachache walikuwa wamemwandikia barua mwalimu mkuu, na tangu siku hiyo ikawekwa sheria mpya: kabla ya kumpakulia mtoto yeyote, mpishi aonje chakula mbele ya wanafunzi wote. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumtaka afanye hivyo.

Akasimama mbele ya sufuria. Mia tatu kimya, wanatazama. Alichota maharage, akapuliza, akatia mdomoni, akameza. Akangoja kidogo, kama alivyoambiwa. Kisha akagonga upawa kwenye ukingo wa sufuria, na foleni ikaanza kusogea.

Zamu ya Sindano ilipofika, alinyoosha sahani kwa mikono miwili. Mama Mpishi alimjazia kama wengine, hakumpunguzia hata harage moja. Sindano alikaa peke yake mwisho wa benchi, akala yote. Yalikuwa matamu, kama yalivyokuwa siku zote.