Sauti ya Sekunde Kumi na Moja

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema, mbele ya mashahidi, usije ukapoteza muda wako kumtafuta mjinga mwingine humu ndani.

Nilikuwa nimesimama mapokezi ya kliniki ya meno, saa tatu asubuhi, simu mkononi, natabasamu kama mtu aliyeleta posa. Nyuma ya kaunta alikuwa mchumba wangu. Yeye ndiye mpokezi wa pale. Alikuwa anaandika jina la mzee mmoja aliyevimba shavu kana kwamba amemeza yai likakataa kushuka. Kwenye viti walikaa watu saba, kila mmoja kashika taya lake.

"Wewe! Umefuata nini huku? Jino?"

"Moyo."

"Moyo hatung'oi. Nipo kazini, sema haraka."

"Ngoma imetoka leo, mpenzi. Nikasema mtu wa kwanza kuisikia awe wewe. Kuna zawadi yako ndani."

"Nitaisikiliza mchana."

"Sekunde kumi na moja tu. Za mwanzo."

Nikabonyeza. Na kwa kuwa akili niliiacha nyumbani kwenye chaji, nikapandisha sauti hadi mwisho.

Kilichotoka hakikuwa sauti yangu. Ilikuwa yake.

"Tumekaa kwenye benchi tangu saa nne. Mama ameshatolewa wodini. Ulisema unakuja. Mimi si kiitikio, bwana, cha kurudiwa ukishamaliza maneno yako."

Halafu kikohozi kizito cha mtu mzima: khoh, khoh-khoh! Na juu ya ile khoh ya tatu, ngoma ikaingia kwa kishindo.

Ule ulikuwa ujumbe wa sauti alionitumia miezi miwili nyuma, saa nane mchana, akiwa hospitali na mama yake. Nilikuwa nimeahidi kuwachukua kwa gari la kaka yangu. Badala yake nilikuwa studio, narudia mstari mmoja wa ubeti wa pili kwa mara ya arobaini, maana herufi moja ilikuwa haikai nilivyotaka. Kesho yake nilikwenda kwao na machungwa na samahani. Akasema, "Sawa." Nami nikaamini. Kuna sawa ya kukubali na kuna sawa ya kuchoka, ila mimi masikio yangu nilikuwa nimeshayakodisha kwa biti.

Yule mzee wa shavu akamgeukia.

"Binti, si wewe huyo unayesema?"

Mchumba wangu alikuwa ananitazama mimi.

"Zima," akasema polepole.

"Ngoja kidogo, kwenye ubeti wa kwanza nimekutaja..."

"Anayekohoa hapo ni mama yangu. Zima."

"Aa, mwache amalizie!" akapiga kelele mama mmoja pale kwenye viti, anacheka huku kashika taya kwa mikono miwili. "Biti kali hiyo! Uwii, jino langu!"

Nikazima. Nikaondoka nikijiambia kwamba amekasirika kwa sababu ya kazi, kwamba jioni ataielewa. Niliona nimemheshimisha, unajua? Msanii anakuweka mwanzo kabisa wa wimbo wake, kabla hata ya yeye mwenyewe kufungua mdomo. Kuna heshima gani nyingine?

*

Wimbo wenyewe unaitwa "Nakaribia Kufika." Miaka sita nilikuwa natoa nyimbo, zinasikilizwa na mimi, kaka yangu, na mtu mmoja wa nchi za mbali ambaye nadhani alikuwa anabonyeza kwa bahati mbaya. Huu ukapanda kama maziwa jikoni. Wiki ya kwanza elfu arobaini. Wiki ya pili laki na nusu. Wiki ya tatu laki tatu na ushee.

Nikaitwa redioni. Nikavaa miwani.

"Tupo na Radi mwenyewe," mtangazaji akatamba, "mwenye ngoma inayotikisa kila kona! Bwana Radi, swali linalowanyima wasikilizaji wetu raha: yule dada ni nani?"

"Aah, kwanza niwape shukrani mashabiki. Na ningependa kuzungumzia ujumbe ulio kwenye ubeti wa pili..."

"Kuna ubeti wa pili?"

Nakuapia, hakuwa anatania. Aliuliza kwa dhati kabisa, akamtazama na fundi wake wa mitambo, naye akapandisha mabega. Wao walikuwa wanaupiga mpaka ile khoh ya tatu, vyombo vinalia kidogo, wanakata, wanaanza upya.

Mtaani ilikuwa hivyo hivyo. Waosha magari walitunga mtindo: unashika kifua, unainama, unakohoa mara tatu, halafu unadondoka na ngoma. Nikipita wananikoholea. Hakuna hata mmoja aliyenirushia mstari wangu. Mistari niliyoikeshea mwaka mzima! Nilimsimamisha mmoja nikamuuliza, "Kaka, baada ya kikohozi kinakuja nini?" Akafikiri. "Si kuna jamaa anaongea ongea?"

Jamaa anaongea ongea. Haya.

Na kila nikirudi kwenye simu, nakuta ujumbe wa mchumba.

"Watu wanapiga simu kliniki na hawana meno mabovu. Wanasema, dada, hebu sema kile cha kiitikio."

Kesho yake:

"Daktari amenitoa mapokezi. Nipo chumba cha nyuma nachemsha vyombo. Kasema wagonjwa wakiniona wanacheka na yeye ana sindano mkononi."

Kesho kutwa:

"Toa sauti yangu. Toa na ya mama."

Nikaandika: "Mpenzi, ndiyo kwanza inapanda. Nipe wiki mbili tu. Hii ni yetu sote."

Jibu lake lilichukua muda mrefu. Nilikuwa naona anaandika, anaacha, anaandika. Likaja:

"Pete yako nimeitia kwenye bahasha. Jumamosi saa kumi nitakuwa kwa mama. Uje na jibu au uje uchukue bahasha."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Pete ile niliitafuta mimi mwenyewe, nikakosea kipimo mara mbili, ikabadilishwa mara mbili, na mara zote mbili yeye alicheka. Sikuwa tayari kuirudisha mfukoni.

*

Nikakimbilia studio kwa Kipaza, mtayarishaji wangu, ambaye amekaa na hedifoni shingoni miaka mingi hadi nadhani anaoga nazo.

"Tuitoe ile sauti," nikamwambia.

"Ukiitoa umebaki na nini?"

"Nimebaki na mimi."

"Ndicho ninachokuambia."

"Kipaza, mwanamke ananiacha!"

"Na mimi nisikufiche, Radi, wimbo nao utakuacha. Halafu usinitupie macho hayo. Nani aliniambia kikohozi kisikatwe? Mimi nilishakikata! Ukaruka kwenye kiti: 'Rudisha, rudisha, kinaangukia kwenye biti!' Ni wewe au ni jini?"

Nilikuwa mimi. Mtu mwingine akisikia mama mkwe wake mtarajiwa anakohoa, anatafuta dawa. Mimi nilihesabu: moja, mbili tatu, ingia.

Tukajaribu kudanganya. Tukamwita dada mmoja mwimbaji aseme maneno yale yale. Ana sauti ya dhahabu, lakini akisema "tumekaa kwenye benchi" unaona kabisa benchi lina mto na upepo mwanana.

"Dada, kasirika kidogo," Kipaza akamwomba.

"Nimkasirikie nani?"

"Huyu hapa."

Akanitazama. "Mbona mpole tu?"

Ikaja zamu ya kikohozi. Dada akakataa, eti analinda koo. Kipaza akakohoa, ikatoka kama mbwa aliyekanyagwa. Nikaingia mimi mbele ya maiki, nikakohoa asubuhi nzima, mpaka jirani wa studio akagonga mlango na bilauri ya maji ya moto na kuniuliza kama nimeshapima kifua.

Tukasikiliza tulichopata. Kipaza akavua hedifoni. Kwa mara ya kwanza nikaiona shingo yake.

"Umekufa," akasema. "Huu wimbo bila wale wanawake wawili ni matanga."

Ilikuwa Jumamosi, saa nane. Nikachukua simu. Laki tatu na arobaini elfu. Nikabonyeza neno la kufuta. Sanduku dogo likatokea kuniuliza kama nina uhakika. Hata simu ilinionea huruma.

Nikafuta.

"Umefanya nini?" Kipaza akasimama. "Radi! Umefanya nini? Miaka sita! Kwa kidole kimoja? Toka. Toka kabla sijakutupia spika. Na usinitafute!"

Nikatoka. Nitakuwa mwongo nikisema nilihuzunika njia nzima. Kufika kona ya pili nilishaanza kujiona shujaa. Ni mwanamume gani anaua ngoma yake kwa ajili ya mapenzi? Nilikuwa naziona picha: yeye analia, ananikumbatia, bahasha inachanwa. Nilitembea nimetanua kifua, waosha magari wakanikoholea, nikawapungia mkono.

*

Mama yake alikuwa sebuleni anafumua pindo la sketi, miwani puani, khanga mabegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kaa. Kiti hicho kina mguu mbovu, kaa hiki."

Nikakaa ukingoni. "Mama, nimekuja kukuomba radhi. Kuhusu kikohozi."

"Kikohozi kipi?"

"Chako. Kilichokuwa kwenye wimbo."

"Aah, kile!" Akacheka, akajifuta jicho. "Kwani kimefanya nini? Baba, mimi nimekohoa miezi mitatu, hakuna aliyenitikisia hata bega. Leo nakwenda dukani wanawake wenzangu wananipokea kwa kucheza. Nimejaribu na mimi, ila sehemu ile ya kudondoka nimewaachia wenye magoti."

"Nimeufuta, mama. Haupo tena popote."

"Umeufuta? Pole." Alisikitika kweli. "Nilikuwa naupenda sana. Mpaka pale unapoanza wewe."

Mlango wa chumbani ukafunguka, mchumba wangu akatoka. Alikuwa bado na sare ya kazi, vidole vimekunjamana kwa maji ya moto, bahasha mkononi. Akasimama nyuma ya kiti cha mama yake.

"Umefika," akasema.

"Nimefika. Na nimekuja na jibu. Wimbo nimeufuta wote. Si sauti yako tu, wote! Angalia mwenyewe."

"Nimeona."

"Umeona?"

"Kliniki wameona kabla yangu. Daktari amesema Jumatatu nirudi mapokezi."

"Sasa si vizuri!" Nikasimama, mikono imeshafunguka kwa ajili ya kukumbatia. Hakusogea. Mikono ikabaki hewani, nikaishusha mmoja mmoja.

"Asante kwa kuufuta," akasema, akaiweka bahasha mezani, upande wangu.

Ndugu yangu, hapo damu ikanipanda. Sijui kama umewahi kulipa kwa kitu chako cha pekee halafu muuzaji akakutazama tu.

"Asante? Basi? Miaka sita mimi nasugua benchi la studio! Kipaza kanifukuza! Laki tatu na arobaini elfu, nimefuta kwa mkono huu, na unanipa bahasha?"

"Usipige kelele mbele ya mama."

"Mama hana neno na mimi! Muulize! Mama amecheka, mama anacheza! Kazini umerudishwa. Sauti imetoka. Radhi nimeomba kwa ujumbe, nimeomba kwa simu, nimeomba kwa mdomo. Kila ulichosema nifanye nimefanya. Sasa niambie, kosa lililobaki ni lipi?"

Mama akaacha kufumua. Sindano ikabaki kwenye kitambaa.

"Ile sauti," mchumba wangu akauliza, "uliifanyia kazi siku ngapi?"

"Siku nne," nikajibu haraka, nikidhani hatimaye ananithamini. "Siku nne nzima! Nilitoa kelele za wodi, nikatoa breki za magari, nikatoa mlango unaofungwa. Nimeisikiliza kuliko wimbo wowote maishani mwangu. Hakuna mtu duniani anayeijua sauti yako ile kuliko mimi."

"Sawa," akasema. "Watu laki tatu wameisikia, hawanijui, hawamjui mama. Kila anayenisimamisha njiani, akishamaliza kukohoa na kucheka, lazima aniulize: 'Dada, siku ile mama alifikaje nyumbani?' Wewe ulikaa nayo siku nne, ukatoa mpaka mlango. Hujauliza mpaka leo."