Tumbo la Chiku Limegoma

Chiku ana miaka sita. Ana tumbo moja, na leo tumbo hilo limegoma.

Siku tatu hajapata choo. Alikula mapera mengi, na maji hakunywa.

Nje, Tunu na Mwaju wanaruka kamba. Pa, pa, pa. Chiku anataka kuruka pia. Lakini akiruka mara moja tu, tumbo linauma.

Mama yuko barazani, anampaka mtoto mchanga mafuta ya nazi. Mkono wake unapita juu ya tumbo la mtoto. Zunguka, zunguka, taratibu.

Mtoto akajamba. Pu.

"Mama, na mimi nikande," Chiku akasema.

"Mikono yangu ina kazi, mwanangu. Yako je? Kunywa maji, kisha ulale chali."

Chiku akanywa maji. Akalala mkekani, akakunja magoti. Akalibonyeza tumbo kwa nguvu zote.

"Mama, linauma."

"Huo si unga wa maandazi," mama akasema. "Pitisha mkono kama unapaka mafuta. Panda upande wa kulia. Pita juu ya kitovu. Shuka upande wa kushoto."

Zunguka, zunguka, taratibu.
Tumbo langu, fanya kazi.

Kimya.

"Halisikii, mama."

"Haraka haraka haina baraka. Endelea."

Zunguka, zunguka, taratibu.
Tumbo langu, fanya kazi.

Guruguru. Guruguru. Pu.

"Aliyejamba sasa si mtoto," mama akasema.

Chiku alikuwa ameshakimbilia chooni.

Alipotoka, alinawa mikono kwa sabuni. Tumbo lilikuwa jepesi, naye alifurahi sana. Akatoka nje mbio.

"Ulikuwa wapi?" Mwaju akauliza.

"Chooni."

Mwaju akacheka. Tunu hakucheka. Alimsogelea Chiku, akamnong'oneza, "Tumbo langu pia limegoma. Naona aibu kusema."

Chiku akaitazama kamba. Sasa zamu ilikuwa yake, na alikuwa akiingoja tangu asubuhi.

"Mwaju, ruka wewe," akasema. Akamshika Tunu mkono. "Twende kwetu. Utakunywa maji, kisha utalala chali."

Tunu akanywa maji. Akalala mkekani, magoti juu. Chiku akakaa karibu naye, akamwonyesha njia: kulia, kitovuni, kushoto.

Zunguka, zunguka, taratibu.
Tumbo langu, fanya kazi.

Wakangoja.

Guruguru.

Tunu akainuka upesi.

"Chiku," akasema, "choo chenu kiko wapi?"