Bibi Harusi Alipotupa Mimba

Ng'ombe wetu tulimwita Bibi Harusi, kwa sababu ya maringo yake. Kila asubuhi mume wangu alimkamua pekupeku. Alisema mlio wa buti unamtisha, halafu anabana maziwa.

"Mimi mkeo hujawahi kunivulia viatu," nilimtania.

"Wewe hunipi maziwa, mama watoto," alijibu, akacheka peke yake.

Bandani kulikuwa na dimbwi la mkojo. Magunia ya pumba tuliyaweka humohumo, panya wakala na kukojoa juu yake. Tuliwaona, tukawazoea.

Siku moja Bibi Harusi akatupa mimba. Miezi saba, jamani! Mume wangu alimvuta ndama mfu kwa mikono mitupu, kisha akamkumbatia ng'ombe shingoni. Maziwa nayo yakapungua, yakawa na rangi ya damudamu.

Baada ya siku kumi, mume wangu alishikwa na homa. Kichwa kilimuuma sana. Misuli ya miguu ilimuuma hata shuka likimgusa.

"Malaria tu hii," alisema, akameza vidonge vilivyobaki kabatini.

Siku ya tatu nilimtazama machoni. Yalikuwa mekundu, na yameanza kuwa ya njano.

Siku hiyohiyo daktari wa mifugo alifika kumwangalia ng'ombe. Ni dada mwembamba, msema kweli. Alilitazama dimbwi, akayatazama magunia.

"Nani alimshika yule ndama?" aliuliza.

"Mume wangu. Kalala ndani, ana malaria."

"Amepimwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Dada yangu, mpeleke hospitali sasa hivi. Waambie ng'ombe wenu ametupa mimba, naye amemgusa. Huenda ni homa ya mgunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye mkojo wa panya na wa mifugo. Huingia mwilini kupitia vidonda, nyufa za miguu, hata macho na mdomo. Dawa ipo, lakini ukichelewa, figo na ini huharibika."

Nilitafuta gari mbio. Hospitalini walimpima, wakaona ndiyo yenyewe. Wakamtundikia dripu na dawa.

Siku nne nilikaa kando ya kitanda chake. Utani wote uliniisha. Nilimshika ule mguu wenye magaga, nikamwambia, "Ukifa, sitakusamehe." Nampenda mwanamume huyu, basi.

Siku ya tano alifumbua macho vizuri. "Bibi Harusi hajambo?" aliuliza.

"Mwanamume wee!" Nikacheka na kulia papo hapo.

Bibi Harusi naye alipimwa damu, akakutwa na ugonjwa uleule. Daktari wa mifugo alimtibu, baadaye akamchanja. Maziwa ya siku za dawa tuliyamwaga, na sasa hatunywi maziwa yoyote bila kuyachemsha. Dimbwi tulilifukia, tukachimba mfereji. Pumba tuliihamishia kwenye mapipa yenye vifuniko.

"Na mkamue mkiwa na buti na glavu," daktari alisisitiza.

"Lakini buti anaziogopa," mume wangu alisema.

"Atazoea. Huyu ni mwerevu kuliko bwana wake."

Siku ya kwanza Bibi Harusi aliipiga ndoo teke. Wiki ya pili alikuwa anatafuna majani tu, hana habari.

Majuzi jirani yetu, fundi cherehani, alitupigia kelele kutoka upande wa pili wa ukuta. Ng'ombe wake alikuwa anatupa mimba. Mume wangu, ambaye bado alikuwa anachoka upesi, alitoka mbio, glavu mkononi, simu sikioni. Nilimfuata. Tulimkuta fundi amekunja mikono ya shati, ameshainama.

"Usiguse!" mume wangu alipaza sauti. "Mikono mitupu, usiguse! Vaa hizi. Ndama tutamzika kwenye shimo refu, na daktari nimeshampigia simu."

"Lakini anateseka, maskini," fundi alisema, machozi yakimlenga.

"Najua, ndugu yangu," mume wangu akasema, akimvisha glavu kidole kwa kidole. "Mimi nilimhurumia wangu hivyohivyo, nusura nimwache mke wangu mjane."