Udongo wa Nyuma ya Nyumba

Kila alasiri Chiriku alivua sare, akala upesi, akachukua jembe na ndoo. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Wiki ile alikuwa na kazi moja: kuchota udongo shimoni na kuushindilia kuzunguka chumba kipya cha bibi.

"Ukutani juu, uani chini," fundi mwashi alimwonyesha kwa kiganja kilichoinama. "Maji yaikimbie nyumba. Yakituama hapa, msingi utalainika kama uji."

Lakini shimo lilikuwa mbali, na ndoo nzito. Siku ya tatu Chiriku akachimba nyuma, chini ya dirisha la bibi, udongo akaujaza mbele. Mbele kukapendeza kweli. Nyuma kukabaki handaki lililoukumbatia ukuta.

"Umemaliza pande zote?" baba akauliza.

"Zote, baba."

Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya tano, Chiriku akifunga kamba za viatu, ukuta wa nyuma ukaanguka kwa kishindo. Bibi alitolewa chini ya matofali, mguu umepondeka.

Jioni fundi alikuja kumjulia hali. Baba akamzuia mlangoni.

"Fundi gani wewe? Nusura umzike mama yangu mzimamzima! Kesho mtaa wote utaijua kazi yako!"

"Ndugu yangu, mimi nilielekeza..."

"Ulielekeza nini?"

Fundi alimtupia Chiriku jicho, akageuka aondoke. Chiriku alimtazama akienda. Fundi akiondoka hivi, nani atamwita kazini tena?

"Baba, si yeye. Ni mimi. Nilichimba nyuma, halafu nikakudanganya."

Baba alikaa kizingitini, kichwa mikononi. Kisha akainuka, akamwomba fundi radhi.

Ukuta ulijengwa upya. Safari hii Chiriku alibeba udongo wote kutoka shimoni, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mvua iliporudi, maji yaliteremka moja kwa moja mtaroni. Bibi aliyatazama dirishani, ameegemea mkongojo ambao hangeuacha tena.

"Nisamehe, bibi."

"Nilishakusamehe, mjukuu wangu. Mguu ndio haujui kusamehe." Akamvuta karibu. "Kazi ya nyuma ya nyumba ifanye kama ya mbele. Na ukikosea, sema siku ileile. Usingoje mvua ikusemee."