Njia ya Kwenda kwa Mado

Siku ya soko, mjini Kasongo hakuna pa kukanyaga. Wauza sombe, majani ya muhogo, wamebanana na wauza ndala, pikipiki zinapenya kati ya watu zikipiga honi, na kila mwenye duka amefungulia muziki wake kana kwamba jirani hana masikio. Katika msongamano huo Clovis alikuwa amekaa mbele ya kibanda chake, kati ya mapano ya sola, yale mabamba ya kunasa jua, yaliyoegemezwa ukutani, akisugua vichwa vya batri, pale zinapofungwa waya, kwa brashi ya chuma, alipomwona mwanamke anapasua watu akija upande wake. Alivaa kitenge cha njano chenye maua ya buluu, kilichomkaa vizuri kiunoni, na vumbi jekundu la safari lilikuwa limempaka mpaka kope. Mgongoni alikuwa amebeba kitu kwa kitambaa, kama mama anavyobeba mtoto mchanga.

"Wewe njo fundi wa sola?"

"Ni mimi, mama. Karibu. Mutoto iko mugonjwa?"

Mwanamke alifungua kitambaa, akatua mezani konvertisere, ile mashine inayochukua umeme wa batri na kuugeuza uwe wa kuendeshea vyombo vya nyumbani.

"Huyu mutoto hanipi raha, analia kila siku," alisema. "Nimemubeba toka Kabambare juu ya pikipiki. Ukiniambia amekufa, nitakaa hapa hapa nilie mbele ya watu wote."

Clovis alicheka mpaka brashi ikamtoka mkononi. Aliunga mashine kwenye batri yake, akawasha taa, akaongeza feni. Mashine ilinguruma taratibu, bila kelele yoyote.

"Mama, mashine yako iko nzima."

"Nzima namna gani? Kwangu inapiga kelele, inazima. Hapa kwako inajifanya kuwa na adabu?"

"Inaendesha nini?"

"Fotokopi. Niko na duka mu chumba cha mbele, kwa mama yangu, karibu na ofisi za serikali. Taa haina neno. Lakini nikiwasha fotokopi tu, kelele."

"Na waya zenye kutoka kwa batri, ziko nene namna gani?"

Mwanamke aliinamisha kichwa, akavuta kamba ya kiatu chake. "Kama hii. Na ni ndefu, batri iko mu chumba cha nyuma."

"Njo ugonjwa wenyewe. Fotokopi ikianza kupata moto inavuta kuran mingi, umeme mwingi, kwa mara moja. Waya nyembamba na ndefu haiwezi kuipitisha yote. Konvertisere inafikiri batri imeisha, inalia, inazima. Kumbe batri haina kosa."

"Kwa hiyo nimebeba mutu muzima mugongoni njia yote ile?"

"Umemubeba."

Walicheka pamoja, na mwuza ndala wa pembeni akacheka nao bila kujua wanachochekea. Clovis alimkatia waya nene na fupi, akamwonyesha namna ya kusafisha vichwa vya batri, kuvikaza, na kusogeza batri karibu na mashine. Alipomshika mkono kumwelekeza ufunguo wa kukazia, hakuna aliyeharakisha kuachia.

"Unaitwa nani?"

"Mado."

"Mado, nitakuja mimi mwenyewe Kabambare, nikuangalilie kila kitu mpaka juu ya paa."

"Lini?"

"Njia ikikauka kidogo."

Hakuwa anadanganya. Siku ile alikuwa anamaanisha kila neno.

Mado alirudi kwao, na simu zikaanza. Kwanza zilikuwa za kazi. Clovis alikuwa na sikio ambalo Kasongo nzima ililisifu; akisikia mashine inavyolia, alikuwa anajua inalilia nini.

"Weka telefoni karibu nayo nisikie... Aa, hiyo ni joto. Umefunika tena na kitambaa?"

"Nimeweka kitambaa cha kushona juu yake, inapendeza."

"Toa. Mashine haivai nguo. Inataka kupumua."

"Na mimi ninayevaa nguo, hauniulizi nimevaa gani leo?"

Basi Clovis aliuliza. Ilikuwa blauzi nyeupe na kitenge cha rangi ya mawese. Siku nyingine pano halikuchaji, akamwambia apande ngazi kulifuta vumbi na kukata tawi la mparachichi lililolitia kivuli. Siku nyingine batri ilikuwa imekauka, akamfundisha kujaza maji ya batri yale safi, si ya kisimani, asizidishe na asiyaguse kwa mikono mitupu. Mado alishika yote upesi. Alimwita "Clo wangu". Yeye alimwita "sheri", yaani mpenzi, halafu "mama watoto", na Mado akamjibu kwamba watoto hawazaliwi kwa telefoni.

"Utakuja lini, Clo?"

"Mvua hii ikiisha."

Mvua ikaisha, kukawa na kazi ya kanisa. Kazi ya kanisa ikaisha, pikipiki ikawa na ubovu. Visingizio vyote vilikuwa vya kweli, lakini nyuma yake palikuwa na jambo ambalo Clovis hakulisema hata kwa nafsi yake. Katika telefoni alikuwa mtu mwenye jibu la kila swali. Mbele ya mama yake Mado na wajomba zake, wamekaa kwenye viti wakimwangalia, wakimwuliza yeye ni nani na amekuja na nia gani, hakuwa na hakika atajibu nini. Alimpenda Mado. Kilichomtia hofu ni ule mlango wa kwao.

Kiangazi kilipokolea, mfanyabiashara mmoja wa dhahabu alimwita Salamabila, safari ndefu kama ya Kabambare, amtilie sola nyumba nzima. Clovis alikwenda. Alikuwa juu ya bati, jua linamchoma kisogo, mafundi wenzake wawili wamekaa pembeni yake, telefoni ilipolia. Mikono ilikuwa imeshika pano, akaiwekea sauti ya kusikika kwa wote.

"Clo wangu, kuran imekatika kabisa. Hakuna taa, hakuna kitu."

"Regulatere, ile ya ukutani yenye kulinda batri, inaonyesha nini?"

"Imezima."

"Batri inapata moto? Inanuka?"

"Hapana."

"Angalia chini ya regulatere. Waya nyekundu ya batri iko ndani?"

Katika telefoni kilisikika kiti kinaburutwa.

"Mado?"

"Iko inje."

"Ilitoka yenyewe? Si tulikaza?"

Mado alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Niliichomoa mimi. Mujomba Michel anakuja Jumapili, anataka kuongea mambo yangu ya kuolewa. Nikasema kama mashine imekufa kabisa, kabisa, utapanda pikipiki. Wangekuona tu, Clo. Wajue uko mutu wa kweli."

Wale mafundi wawili waliangua kicheko. Mmoja akapiga bati kwa kiganja. Clovis aliona uso unawaka, na si kwa jua.

"Usinichezee, Mado. Mimi niko hapa na kazi ya watu."

"Hapa wapi?"

"Salamabila."

Mado aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kumhudumia mteja asiyemfahamu.

"Kumbe umefika Salamabila. Njia imekauka, basi. Sawa, fundi. Kazi njema."

Alikuwa hajamwita fundi tangu siku ile ya sokoni.

Clovis angeweza kumpigia saa ile ile. Angeweza kushuka bati, kuomba ruhusa, na kuelekeza pikipiki Kabambare; Jumapili ilikuwa bado. Badala yake alikaza skrubu mpaka ikakatika. Jioni alijiambia kwamba Mado ndiye aliyemwaibisha, na kwamba atapiga simu mwenyewe mashine ikikorofisha. Na mashine za sola, alijua, hazikosi kukorofisha.

Akarudi Kasongo, akangoja. Telefoni aliiweka juu ya meza ya kazi, uso wake ukimtazama. Ilipolia alifuta mikono haraka, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Mvua za kwanza zikaanguka. Mawingu, alijiambia, sasa batri yake haijai, atapiga. Mado hakupiga. Siku moja Clovis alijaribu yeye. Ililia mpaka mwisho bila kupokelewa, na hakurudia, kwa sababu kiburi nacho kina sauti yake, na siku ile ndiyo aliyoisikiliza.

Aliyemfungua macho ni mama Régina, mchuuzi wa Kabambare aliyekuja sokoni kununua maji ya batri.

"Unapeleka kwa nani, mama?" Clovis aliuliza.

"Kwangu mwenyewe. Mado ameniandikia aina. Yeye njo fundi yetu sasa, hauko na habari? Mutaa muzima tunamwita. Konvertisere yangu ilikuwa inazima-zima. Akakuja, akaangalia waya, akasema hii nyembamba, hii imeoza kichwa. Akakata, akakaza, mpaka leo."

Clovis alisimama na chupa mkononi. Mado hakupiga kwa kuwa hakuwa na haja ya kupiga. Yeye mwenyewe, simu baada ya simu, alikuwa amemfundisha kila alichokijua.

"Na mambo ya nyumbani kwao?" aliuliza, akijifanya anafunga mfuko.

"Ni muzuri! Serge, ule muganga wa hospitali, amekuja kuposa na baba zake wadogo. Mama ya Mado amefurahi mpaka anaimba."

Kesho yake asubuhi Clovis alifunga kibanda. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, ambalo kabla hajapita Wamaza, mji mdogo wa njiani, lilikuwa limeshakuwa la rangi ya matope. Mvua ilimpiga, pikipiki ilizama kwenye dimbwi mpaka ekzosi ikatoa povu, akaisukuma, akaanguka, akainuka. Njia mbaya kuliko zote alizoziogopa kiangazi kizima aliipita ndani ya mvua, na alipofika alishangaa kwamba ilipitika.

Alimkuta Mado juu ya ngazi, ameinua kitenge na kukifunga magotini, kitambaa chekundu kichwani, akifuta majani kwenye pano. Alikuwa mwembamba kidogo kuliko alivyomkumbuka, na mzuri zaidi. Alimwona kwa juu, akaacha kufuta.

"Clovis."

"Nimefika, Mado."

"Ninaona." Alishuka polepole. Alimtazama matope, shati, mkono uliochubuka. Macho yalimlowa, lakini hakulia. "Ingia, unawe. Mama iko shamba."

Alimpa maji, sabuni, na kikombe cha chai. Chumba cha mbele kilikuwa safi, mashine ukutani, waya nene zimekazwa kwa mpangilio, hakuna kitambaa juu. Clovis alivitazama kwa fahari na uchungu pamoja.

"Mado, ile siku ya Salamabila nilikosa. Watu walicheka, nikaona aibu, nikakutupia aibu yangu. Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani."

"Basi njoo—"

"Ngoja. Nimekusamehe, lakini jibu nimekwisha kutoa kwa mutu mwingine."

Clovis alitua kikombe. "Unamupenda?"

Mado alifikiri kabla ya kujibu, na huko kufikiri kulimwumiza Clovis kuliko jibu.

"Siku moja tufani ilivunja waya juu ya paa. Niliogopa, nikamwita Serge, kwa sababu wewe sikutaka kukuita tena. Serge hajui kitu cha kuran, Clo. Hajui pano ni nini, batri ni nini. Hakuniuliza inalia namna gani. Alikuja tu, na mvua, akanishikia ngazi. Nikatengeneza mimi, yeye akashika ngazi. Nilipoangalia chini, alikuwa pale." Alipangusa jicho kwa ncha ya kitambaa. "Wewe nilikupenda sana. Ungekuja hata mara moja, hata na mikono mitupu, hata Jumapili ile, nisingeangalia mutu mwingine. Lakini nilichoka kupendwa na telefoni."

"Niliogopa, Mado. Niliogopa mama yako. Niliogopa Michel."

"Ungeniambia. Na mimi nilikuwa naogopa."

Nje, mtu alikuja kuomba fotokopi ya kitambulisho; Mado aliwasha mashine, ikapata moto, ikafanya kazi, taa haikuyumba hata kidogo. Clovis alingoja mteja atoke, akasimama.

"Waya ile ya juu, uliyoitengeneza na mvua. Uliifunga vizuri?"

"Niliifunga. Unataka kupanda kuangalia?"

Clovis alitazama ngazi mlangoni. Alitamani kupanda, akae huko juu hata saa moja, awe na sababu ya kuwa katika nyumba ile.

"Hapana," alisema. "Ninaamini."

Mado alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Alimshika mikono yote miwili, akaishika muda, kisha akaiachia yeye kwanza. "Safari njema, Clo wangu," alisema, na jina lile lilimtoka bila kukusudia, wote wawili wakaangalia chini.

Mchana ule alisimama Wamaza, kwenye kibanda cha mama anayeuza bukari, yaani ugali, na sombe. Mama alimwekea sahani, akamtazama matope yaliyomkaukia mwilini.

"Baba, unatoka mbali?"

"Kabambare."

"Na njia hii? Ulikwenda kufanya nini?"

"Mimi ni fundi wa sola. Nilikwenda kuangalia mashine ya mutu."

"Ilikuwa na ubovu gani?"

Clovis alinawa mikono. Alikata tonge, mvuke wa bukari ukimpiga usoni.

"Haikuwa na ubovu," alisema. "Ilikuwa nzima kabisa." Kisha akainama kwenye sahani, na yule mama, aliyekuwa na watoto wakubwa na aliyejua kuangalia uso wa mtu, akageuka kuchochea moto, asimwulize tena.