Kipindi cha Majaribio

Jumatatu ile ya Februari, mwaka 1995, Kashindye Masele aliamka mapema kama kawaida yake. Akafagia uwanja, akatia makaa kwenye pasi, akainyoosha sketi yake nyeusi, ile moja aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya kuombea kazi. Shangazi yake Teodora, ambaye alikuwa akiishi naye pale Buswelu, nje kidogo ya mji wa Mwanza, alimtazama kutoka jikoni. Mwaka mmoja na nusu alikuwa ameiona sketi ile ikienda mjini safi na kurudi na vumbi.

Kashindye alikuwa na shahada ya sayansi ya chakula aliyoisomea Morogoro. Baba yake aliuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine ili asome, akafa akiamini kwamba binti yake atapangiwa kazi na serikali kama walivyopangiwa waliomtangulia. Lakini mwaka aliomaliza yeye ndio serikali ilikuwa imeacha kumpangia mtu kazi. Kila mmoja ajitafutie, walisema. Mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa, na wanaume waliowahi kuwa na ofisi na kengele ya kumwitia tarishi walikuwa wakiuza sigara mojamoja katika mitaa ya Nyamagana.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi yenyewe ilikuwepo. Ufukwe mzima wa Mwanza ulikuwa ukiota viwanda vya minofu ya sangara, na kila kiwanda kilihitaji mtu wa kupima samaki kabla hawajapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Hiyo ndiyo kazi aliyosomea. Alipeleka barua kumi na tatu. Kiwanda kimoja kilimchukua shemeji wa meneja, kijana aliyesomea ushirika. Kwenye kingine, mlinzi wa getini aliichukua barua yake, akaikunja mara mbili, akaitia chini ya mguu wa kiti kilichokuwa kikiyumba. Kashindye akiwa amesimama palepale, anaangalia.

Siku hiyo alikwenda kwenye kiwanda cha kumi na nne. Jina lake silitaji, watu wapo bado. Afisa utumishi alikuwa mama mmoja mpole, Odeta, mwenye sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto alale. Alimkaribisha kiti. Alikisoma cheti chake mstari kwa mstari, na hakuna ofisi yoyote iliyowahi kumfanyia hivyo.

"Una mume?" aliuliza Odeta.

"Sina, mama."

"Mtoto?"

"Sina."

"Ukichelewa kurudi nyumbani, nani atatoka kukutafuta?"

Kashindye alifikiri ni swali la usalama kazini. Akasema ni shangazi tu, naye ni mtu mzima, miguu inamsumbua. Odeta akaandika. Kisha akamsogezea fomu. Kipindi cha majaribio: miezi sita. Baada ya hapo, kuthibitishwa. Kashindye akasaini bila kuuliza. Odeta akaipokea picha yake ndogo, akailamba mgongoni kwa ulimi, taratibu, akaibandika kwenye faili.

"Nenda nyumbani," alisema. "Tutakuita. Ukiitwa, itika."

Siku ya tatu, jua likiwa linazama, Kashindye alikuwa akianua nguo kambani. Akasikia anaitwa upande wa ua wa minyaa. Jina lote, kama linavyoitwa darasani.

"Kashindye Masele."

"Bee," akaitika.

Hakukuwa na mtu. Teodora akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Unamwitikia nani?"

"Si umeniita, shangazi?"

"Mimi sijakuita."

Wakatazamana. Uji ukaanza kuungua na hakuna aliyekwenda kuuepua.

Kuanzia wiki hiyo Kashindye akaanza kuchoka. Analala saa mbili, anaamka saa moja asubuhi akiwa hoi kama aliyebeba mawe. Vidole vyake vilikuwa vyeupe na vimekunjamana, kama vya mtu aliyefua mchana kutwa. Vilinuka klorini. Zahanati wakasema malaria, wakampa dawa. Mara ya pili wakasema damu imepungua. Nguo zikaanza kumpwaya. Majirani wakanong'ona kuwa msomi amepata ule ugonjwa ambao miaka ile watu hawakuutaja kwa jina. Teodora alikuwa na lake moyoni: alfajiri moja aliingia kumwamsha, akamshika mguu, na mguu ulikuwa wa baridi kama barafu ya kuhifadhia samaki. Puani hakukuwa na pumzi. Ilirudi baada ya jogoo kuwika, kwa kishindo, kama mtu anayeibuka majini.

Barua ya kazi haikuja. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne, wa tano, wa sita, wa saba. Tarehe tisa Agosti Kashindye akajikokota, akavaa sketi yake iliyombidi aifunge kwa pini, akarudi kiwandani kuuliza.

Ilikuwa saa sita mchana. Nje ya geti akina mama walikuwa wamekaa na ndoo wakisubiri mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kuondolewa. Alijiandaa kumbembeleza mlinzi. Mlinzi akafungua geti kabla hajasema chochote.

"Leo umekuja mchana, dada?"

Akadhani amefananishwa. Akapita. Kwenye korido akakutana na mwanamke aliyevaa buti nyeupe na aproni, akivua glavu. Kitambulisho kifuani kiliandikwa Sabina.

"Dada Kashindye," alisema Sabina, akitabasamu. "Wamekubadilishia zamu?"

"Mimi sifanyi kazi hapa."

Tabasamu likamtoka Sabina. Akamtazama usoni, kisha akatazama sakafuni, kivuli cha Kashindye kilipoangukia. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Yule wa usiku hana hicho," alinong'ona. Akaondoka karibu akikimbia, glavu moja ikabaki chini.

Mlango wa maabara ulikuwa wazi. Juu ya meza kulikuwa na daftari la vipimo. Kashindye akalifungua. Halijoto. Klorini. Vijidudu. Kila ukurasa, tangu katikati ya Februari, ulijazwa kwa mwandiko mmoja. Tarakimu za saba zilikatwa kwa mstari katikati. Herufi K ilikuwa na mkia.

Ulikuwa mwandiko wake.

Hakukuwa na kosa hata moja. Kazi nzuri. Kazi ya mtu aliyeisomea. Na chini ya kila ukurasa, mahali pa msimamizi, palikuwa na saini nyingine aliyoifahamu vizuri, maana yeye na mwenye saini hiyo walikuwa wakiazimana madaftari chuoni Morogoro. M. Chenge.

Mayala Chenge alikufa Oktoba mwaka uliopita. Alikuwa amezunguka na vyeti vyake mwaka mzima, akakonda, akafa usingizini. Kashindye alivuka ziwa hadi Kamanga kwenda kumzika.

Sasa Mayala alikuwa amesimama kwenye kona ya maabara, amevaa koti jeupe, ameinama juu ya hadubini.

"Mayala."

"Usiliite jina langu kwa sauti," alinong'ona bila kuinua kichwa.

"Nilikuzika."

"Najua. Nilisikia mkiimba."

Kashindye akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Unafanya nini hapa?"

"Kazi." Alibadilisha kioo kidogo chini ya hadubini. Vidole vyake havikuwa na kucha. "Mimi nimethibitishwa. Wewe bado uko kwenye majaribio. Ulisaini lini?"

"Tarehe kumi na tatu Februari."

Mayala hakuhitaji kuhesabu. Kashindye alihesabu mwenyewe. Zilibaki siku nne.

"Picha yako," alisema Mayala. "Ibandue kwenye faili. Halafu watakuita. Watakuita kila jioni mpaka siku yenyewe ipite. Usiitike."

"Na wewe je?"

Hapo ndipo alipoinua uso. Kashindye hakuwahi kumweleza mtu yeyote alichokiona. Alisema tu kwamba macho yake yalikuwa ya samaki aliyekaa siku nyingi kwenye barafu.

"Mimi niliitika," alisema Mayala.

Odeta alikuwa ofisini kwake, anakunywa chai. Hakushtuka. Alitoa faili, akaliweka mezani, akalifungua yeye mwenyewe.

"Soma kwanza," alisema kwa upole. "Usiache kazi kwa hasira."

Kashindye akasoma. Zilikuwa ripoti za kila mwezi. *Mchapakazi. Makini kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Hajawahi kuchelewa. Anastahili kupandishwa cheo.* Alisoma mpaka mwisho, na machozi yakamtoka, wala hayakuwa ya woga. Tangu amalize chuo hakuna mtu aliyewahi kuandika neno moja jema juu yake.

"Huko nje nani anakutaka?" aliuliza Odeta. "Barua kumi na tatu, binti. Sisi ndio tuliokusoma."

"Mnanila."

"Tunakutumia. Wengine hata kukutumia hawataki."

Kashindye akapachika ukucha chini ya picha na kuivuta. Haikubanduka kama karatasi. Ilibanduka kama gaga la kidonda, ikatoa kitu chenye unyevu, na yeye mwenyewe akasikia maumivu shavuni. Akaikunja ndani ya kiganja. Odeta hakumzuia. Akafunga faili, akarudisha kikombe mdomoni.

"Tutakuita," alisema. "Na utaitika. Wenye njaa ya kazi wote huitika."

Kashindye alimweleza Teodora kila kitu. Shangazi huyo, aliyekuwa mtu wa kanisa, hakubisha wala hakushangaa sana. Picha wakaitia motoni. Ikakataa kuungua mpaka kuni zilipokuwa zimekwisha.

Jioni ya kwanza iliita sauti ya Odeta, kutoka kwenye minyaa. Wakanyamaza. Jioni ya pili ilikuwa sauti ya Mayala, inalia. Ya tatu ilikuwa ya baba yake Kashindye, na ilisema, "Wamekupangia, mwanangu. Serikali imekupangia. Itika tuondoke." Kashindye akaing'ata kanga mpaka fizi zikatoa damu.

Jioni ya nne hakukuwa na sauti uani. Jua lilizama. Kuku wakaingia bandani. Wakaanza kudhani yameisha. Walikuwa wamekaa chumbani, wameshikana mikono.

Kisha kutoka jikoni, karibu kabisa:

"Kashindye, njoo unisaidie kuepua."

Ilikuwa sauti ya Teodora.

Kashindye alikuwa ameshafungua mdomo. Maisha yake yote alikuwa akiiitikia sauti ile. Lakini mkono wa shangazi yake ulikuwa ndani ya mkono wake. Shangazi mwenyewe alikuwa kando yake, midomo imefungwa, macho yamemtoka. Teodora akanyanyua kiganja, akamziba mdomo.

Jikoni mfuniko wa sufuria uliinuliwa. Ukarudishwa. Nyayo zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Nyayo za buti. Zikakaa hapo mpaka giza lilipoingia kabisa. Hawakusikia zikiondoka.

Mwili wa Kashindye ulirudi. Vidole vikapata rangi, usingizi ukawa usingizi. Kazi haikurudi, maana haikuwahi kuwepo. Mwaka uliofuata alikuwa akiuza nyanya na shangazi yake, na ile sketi nyeusi aliikata akamshonea jirani gauni la mtoto. Watu walimwambia amekata tamaa mapema.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijamtoka moyoni. Asubuhi moja akapanda kivuko, akavuka hadi Kamanga kumwona Ng'washi, mama yake Mayala. Alimkuta akianika mihogo. Akamwamkia, akaketi kwenye kigoda, akamweleza yote, polepole, akitegemea kufukuzwa.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Aliendelea kupanga mihogo juu ya mkeka, kipande kando ya kipande.

"Kwa hiyo alipata kazi," alisema.

Kashindye akaokota kipande cha muhogo kilichodondoka, akakirudisha mkekani.

"Anakula?"

"Sijui, mama."

Ng'washi akainuka, akaingia ndani, akarudi na bahasha aliyoitoa sandukuni. Alisema aliikuta juu ya kitanda cha Mayala asubuhi ya siku waliyomzika, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Yeye kusoma hajui. Na hakutaka kumpa mtu wa hapo kijijini aisome, aliogopa.

Kashindye akaifungua. *Tunafurahi kukujulisha kuwa umethibitishwa kazini.* Tarehe ilikuwa ya siku ya mazishi. Chini palikuwa na sehemu ya mwajiriwa kukubali, na pale Mayala alikuwa ameweka saini yake, ileile, iliyonyooka, isiyo na wasiwasi. Kashindye aliigusa kwa kidole gumba, kwa huzuni tu, kama mtu anavyogusa picha ya marehemu.

"Wanasemaje?" aliuliza Ng'washi.

"Wanasema wamempokea."

Mama akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye mihogo yake.

Bahasha ile ilikuwa imekaa sandukuni karibu miaka miwili. Kashindye akatazama kidole gumba chake. Kilikuwa cha buluu. Wino ulikuwa haujakauka.