Watoto wa Mwambani

Ukuta wa sebuleni kwa Ludovick ulianza kulowa mwezi wa kumi, wakati kijiji kizima cha Kolo hakikuwa kimeona tone la mvua tangu mwezi wa tano. Dari haikuvuja, na bomba lilikuwa halijafika kwake. Kila adhuhuri, jua likiwa la utosi, unyevu ulichomoza katikati ya plasta ukashuka taratibu mpaka sakafuni, na nyumba ikajaa harufu ya jiwe lililoloa na mafuta ya mnyama yaliyochacha. Violeth, mkewe, aliufuta kwa tambara akidhani ni chumvi ya udongo. Kesho yake ulirudi, na sasa ulikuwa na umbo: mtu mrefu, mwembamba, kichwa kikubwa cha mviringo.

Ludovick alilijua umbo hilo. Alikuwa mwongoza wageni kwenye michoro ya miambani, ile ya watu wa kale ambayo serikali inailinda na wageni wanaifuata kutoka ng'ambo. Miaka kumi na mmoja alipanda nao mlimani akikariri maneno yaleyale kama kasuku. Na alikuwa na tabia yake. Michoro imefifia, haitoki vizuri kwenye simu. Ukiimwagia maji, rangi nyekundu inang'aa kwa dakika chache, mgeni anapiga picha na kukusifu. Maji yakikauka yanaondoka na rangi kidogo. Alikatazwa, tena kwa barua, akaitika "ndiyo bosi", kisha akajaza chupa. Pango moja la juu lilikuwa limebaki jiwe tupu. Mimi simwonei huruma. Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Ila mtoto hakujitakia. Restuta, binti yao wa pekee, mwenye miaka saba, alirudi kutoka shuleni akilia. Mwalimu alikuwa ameita majina yote isipokuwa lake, na mtoto aliponyoosha mkono, mwalimu hakumwona. Jumatano mpishi wa uji alimruka akiwa kwenye foleni, kikombe mkononi. Ijumaa mwenzake alikuja kumkalia dawatini. Jumamosi Violeth alipakua ugali sahani mbili, na mumewe alipomuuliza ya mtoto iko wapi, alizihesabu sahani kwa kidole, halafu akamvuta mwanawe kifuani.

Siku ileile wakamwita Klara, mganga wa Kisandawe kutoka Chemba, shangazi yake Violeth. Alifika Jumapili kabla ya adhuhuri, akaitikia shikamoo zao akiwa mlangoni, akaunusa ukuta, akakataa hata maji ya kunywa. Alifukiza majani yake sebuleni, akawaketisha wote watatu chini.

"Ametoka mwambani," alinong'ona. "Ni mama. Mle mwenye michoro ndimo wanamokaa wanawe. Umemfutia wangapi, mkwe?"

Ludovick alisema hakuwahesabu.

Hapo matone yakaanza kusikika, to, to, to, na kila tone lilisikika karibu zaidi ya lililotangulia, kwanza ukutani, kisha sakafuni, kisha nyuma ya masikio yao, na ile harufu ya mafuta ikapanda mpaka wakawa wanaionja ulimini, na lile umbo la unyevu likajibandua kutoka kwenye plasta, likainama kwa sababu lilikuwa refu kuliko dari, likaweka mkono wenye vidole vitatu juu ya kichwa cha Klara. Klara akafunguka kinywa. Kwanza yalitoka maneno ya Kisandawe yenye kugonga ulimi, kisha Kiswahili, polepole, na sauti haikuwa yake.

"Sikuja kuua. Wako nitakuachia, ukinitajia mmoja tu wa wangu. Mmoja. Alishika nini mkononi? Alikuwa anakwenda wapi?"

Ludovick alifumbua mdomo, na kilichotoka ni maneno ya kuwaambia wageni: twiga, tembo, wawindaji, maelfu ya miaka. Alitafuta kichwani mwake lile pango la juu, akaona simu za wageni, akaona chupa, akaona meno yao wakicheka. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kuwatazama wale wa mwambani. Alilia, akaomba achukuliwe yeye.

"Wewe ubaki," sauti ilisema. "Mimi nawakumbuka wangu wote, na nikiwalilia hakuna anayejua namlilia nani. Na wewe ulie hivyohivyo."

Restuta alikuwa ameshika shati la baba yake kwa nguvu zote, na Ludovick aliusikia ule mshiko ukilegea kidole baada ya kidole, bila kuvutwa, bila kelele, akageuka kumdaka mwanawe kwa mikono miwili, na mikono ikakutana yenyewe.

Ukuta ulikuwa umekauka. Klara alipangusa jasho, akatazama majani yake yaliyoungua, akauliza kwa aibu ni nani aliyekuwa anaumwa humu ndani. Akafunga mfuko wake na kuaga.

Ludovick alijiburura mpaka miguuni kwa mkewe.

"Mama Restuta," alisema, "nimempoteza."

Uso wa Violeth ulibadilika taratibu, ukawa wa mwanamke aliyevumilia maneno ya mawifi miaka mingi.

"Usiku na mchana namwomba Mungu anipe hata mtoto mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo Restuta, Ludovick, umezaa na nani?"